Mlima mfu na mvua za vuli

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, watu wakiwa bado wanajiandaa kwenda kanisani, habari zilianza kutoka Katesh, mji ulio miguuni pa Mlima Hanang mkoani Manyara. Ya kwanza kunifikia ilikuwa sauti ya WhatsApp ya mtu anayehema: mlima umelipuka, Hanang imelipuka, matope yanashuka yanachemka. Baada ya saa chache video zilikuwa zimejaa kila kundi. Mabati yamekunjwa kama karatasi. Magogo mazima, na mizizi yake, yamelala mjini kama yametupwa na mtu aliyekasirika.

Siku chache baadaye serikali ikaeleza kile ambacho wataalamu wake walikikuta huko juu. Hakuna volkano iliyolipuka. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikamegeka, ikawa tope na kuporomoka. Maelezo hayo yalikuwa sahihi, na yalihitajika, maana uvumi ulikuwa umeshafika mbali. Kilichonisumbua ni namna tulivyoyapokea. Watu walishusha pumzi. Kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, ofisini, nilisikia sentensi ileile: “Kumbe siyo volkano.” Ikasemwa kwa sauti ya mtu aliyepewa majibu mazuri hospitali, wakati Katesh bado wanachimbua miili. Hesabu ilipokamilika, waliofariki walikuwa 89.

Nataka kubishana na hiyo “siyo volkano.”

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za Tanzania tulifundishwa kwamba volkano ziko za aina tatu: hai, tuli na mfu. Oldoinyo Lengai ni hai. Kilimanjaro na Meru ni tuli, zimelala. Hanang tuliiweka kwenye kundi la wafu. Nilikariri, nikaulizwa, nikajibu, nikapata vema. Sina ugomvi na mwalimu wangu, mgawanyo huo unatumika dunia nzima. Ila neno “mfu” limetuponza. Huko vijijini kwetu aliyekufa hajaondoka hivyohivyo. Ana mzimu wake, anatambikiwa, akisahaulika anakumbusha. Mfu wa kwenye kitabu cha jiografia ni mwingine kabisa. Huyu ameshatoka kwenye hesabu, na ukoo wote unaweza kujenga miguuni pake bila kumwuliza mtu.

Tatizo ni kwamba jina hilo linahusu moto tu. Halisemi chochote kuhusu mwili wa mlima. Jiwe la Bismarck pale Mwanza ni itale, jabali zima lililokaa hapo kabla hata ya maisha ya kuonekana kwa macho. Hanang haikujengwa namna hiyo. Mlima wa volkano ni rundo: tabaka la majivu, tabaka la kokoto, mawe yaliyotupwa, lava iliyoganda, kisha majivu tena. Wakati moto unafanya kazi, rundo linaongezeka na kusimama wima kuliko udongo unavyotaka kusimama. Moto ukizimika, kazi ya kupandisha inakwisha na inabaki kazi ya kuteremsha, na hiyo ni ya mvua. Hanang ina zaidi ya mita 3,400. Kutoka kilele hadi Katesh ni mteremko wa zaidi ya mita 1,500, uliojaa vitu vilivyopangwa juu kwa juu bila simenti.

Maji matupu ni nadra kubeba jiwe la ukubwa wa gari. Tope linaweza. Maji yakishajaa udongo na kokoto yanakuwa mazito, yanakaribia uzito wa zege ambalo fundi anamimina kwenye fomu, na ndani ya zege hilo jiwe kubwa linaelea. Kadiri tope linavyoshuka ndivyo linavyokula kingo za korongo na kunenepa. Ndiyo maana watu wa chini waliona kitu kikubwa kuliko kile kilichomegeka juu.

Nilipita Katesh miezi kadhaa baadaye, safarini kutoka Singida. Basi lilisimama, nikashuka kununua maji. Kwenye ukuta wa duka palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, usawa wa kifua changu, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa pima maji.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Unaangalia alama? Tumepaka rangi mara mbili. Inatoka vilevile.”

Nikamwuliza siku ile walisikia nini. Akafikiri kidogo huku anahesabu chenji. “Malori,” akasema. “Kama malori mengi yamepanda kule juu halafu yote yakaachia breki.” Kondakta akagonga bati la basi, nikakimbia. Nimeendelea kufikiri kuhusu mstari ule. Ni kipimo sahihi kuliko ripoti nyingi nilizosoma, na wenyewe walikuwa wanajitahidi kuufuta.

Ukiangalia vizuri, volkano zetu husema nasi kwa maji mara nyingi zaidi kuliko kwa moto. Nyayo za Laetoli, zile tunazojivunia kwamba binadamu wa kale alitembea kwetu kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, zilihifadhiwa kwa kanuni ileile. Volkano ilitupa majivu, mvua ikanyesha, majivu yakawa tope laini, viumbe wakapita, tope likakauka kama saruji. Majivu na mvua. Kule Laetoli mchanganyiko huo ulituachia nyayo, Katesh ukafuta nyumba. Hata Lengai yenyewe, mlima pekee duniani unaotoa lava ya aina yake, nyeusi ikitoka na baridi kuliko lava nyingine zote, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Mvua huiyeyusha na kuiteremsha bondeni, kwenye Ziwa Natron lenye magadi. Kipande cha magadi ulichoweka kwenye kopo la jikoni kwa ajili ya mlenda au makande magumu ni mtoto wa volkano. Na ukipanda basi la Mbeya, jua kwamba Rungwe kuna gesi ya kaboni inayovunwa ardhini na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji. Mapovu ya soda yetu mengine yametoka chini ya mlima.

Hayo ni ya kufurahisha. Sasa tuje Meru.

Mlima Meru haungoji mvua za El Niño. Unafanya kazi kila siku, kikombe kwa kikombe. Miamba yake ina madini ya floraidi kwa wingi, na maji yanayopita humo yanayabeba hadi kwenye chemchemi, visima na mabomba. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu, kwa miaka kadhaa kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa miligramu 4, kwa sababu rahisi na ya kusikitisha kwamba ukikaza zaidi unafunga vyanzo vingi vya maji na huna vingine. Kwenye Maziwa ya Momella floraidi inahesabiwa kwa mamia ya miligramu. Hayo hakuna anayeyanywa, lakini yanaonyesha mlima una nini tumboni.

Kila Mtanzania anajua matokeo yake, ila anayajua kama utani. Meno ya Arusha. Ukicheka tu, watu wanakuambia umetoka wapi. Sekondari nilisoma na binti kutoka Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa Meru, aliyekuwa akicheka ameziba mdomo kwa kiganja. Tulidhani ni aibu ya kike. Kumbe alikuwa amejifunza mapema kwamba meno yake yanatangulia kuongea kabla yake. Na meno ndiyo sehemu nyepesi ya habari hii. Mtoto anayekunywa maji hayo miaka mingi mifupa yake huathirika. Kuna waliopinda miguu, kuna wazee ambao mgongo umekaza hawawezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kukuonya. Ujumbe wa afya tulioimbiwa tangu utoto, chemsha maji kisha chuja, ulitungwa kwa ajili ya kipindupindu na wenzake, na kwa hao unafaa. Kwa floraidi unaharibu: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale, kiwango kinapanda. Na ukitia magadi ili maharage yaive haraka, kuna uwezekano umeongeza nyingine. Dawa zipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo mchinjaji yeyote anaweza kuielewa. Lakini haijawahi kupata msisimko ambao ungepatikana kama Meru ingetoa moshi asubuhi moja tu. Mlima ukifuka moshi, waandishi wote tungepanda. Ukipindisha mifupa ya watoto kwa vizazi vitatu, tunatunga utani.

Msomaji ataniambia natia chumvi, na kwamba Tanzania si Goma. Ni kweli. Goma, mashariki mwa Kongo, ni mji wa waongea Kiswahili wenzetu ambao lava imewaingia mjini kabisa, Januari 2002 na tena ukingoni mwa mji Mei 2021. Wao hawahitaji makala ya kuwaambia Nyiragongo, volkano yao, ni nini. Wameipa dunia hata neno: wanasayansi wa volkano popote, wakitaka kutaja hewa ukaa inayotuama mabondeni na kuua bila kuonekana, huandika *mazuku*, neno walilolichukua kwa watu wa Kivu. Sisi hatuna neno kama hilo. Sehemu kubwa ya katikati ya nchi yetu, Tabora na Shinyanga, imekaa juu ya jabali kongwe kiasi kwamba Bonde la Ufa lilipofika hapo lilishindwa kulipasua, likagawanyika mikono miwili na kulizunguka. Mtu wa Nzega akisema ardhi yake imetulia, simbishii.

Ila mikono hiyo miwili imepita kwenye nchi ileile. Mwaka 1910 Meru ilitoa majivu kwa mara ya mwisho, na tarehe 13 Desemba mwaka huohuo Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika. Mjerumani ndiye aliyekuwa anatawala. Hakuna aliye hai anayekumbuka, na babu aliyesimuliwa na babu yake anasimulia vita vya Maji Maji, hasimulii hilo. Julai 2007 chini ya Gelai, jirani na Lengai, palitikisika kwa 5.9, wafanyakazi wa maghorofa ya Nairobi wakakimbilia barabarani, na Septemba Lengai ikaanza kurusha majivu juu ya malisho ya Wamaasai. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Kagera: 5.9 tena, watu wasiopungua 17 wakafa, sekondari za Ihungo na Nyakato hazifai. Kwa vipimo vya Japani hilo ni tetemeko la kuamsha paka. Kwetu lilikuta kuta za tofali za udongo zisizofungwa lenta, zikaangukia watu. Kwa hiyo tunapojiita nchi tulivu, nusu ya utulivu huo ni jabali la Tabora, na nusu nyingine ni usahaulifu.

Turudi kwenye maji, maana hapo ndipo kuna jambo la kufanya. Tetemeko hakuna anayeweza kukuambia litakuja saa ngapi. Tope la mlima ni jingine: kwa kawaida halitoki bila mvua, na mvua tunaitabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza El Niño mwezi Agosti 2023, zaidi ya miezi mitatu kabla ya Katesh, na ilirudia. Sitawalaumu. Lakini utabiri unazungumza lugha ya mikoa: mvua za juu ya wastani zinatarajiwa Arusha, Kilimanjaro, Manyara. Mwenye duka la Katesh afanye nini na “juu ya wastani”? Anayehitaji kuambiwa ni yeye, kwamba mvua ikipiga mfululizo siku kadhaa, korongo hili la nyuma ya nyumba yako ndilo njia. Kusema hivyo kunahitaji anayejua mvua na anayejua miamba wakae meza moja, na kwenye mpangilio wetu wa ofisi mmoja anachunga anga na mwingine anachunga madini. Mlima uko katikati, bila mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Hilo ni zuri sana, ila kamati ya kijiji haiwezi kuchora ramani ya makorongo ya Hanang kwa kalamu na daftari la mahudhurio.

Kuna sheria nyingine tunayoijua vizuri zaidi, ile ya mita 60. Kila aliyewahi kubomolewa kibanda kando ya mto anaweza kukutajia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hakuna shughuli za kudumu wala za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Isome kwa makini uone imeandikwa kumlinda nani. Imeandikwa kuulinda mto dhidi ya mtu. Kumlinda mtu dhidi ya mto si dhamira yake. Na penye mto unaotiririka angalau mtu anaona maji. Korongo kavu lililoshuka kutoka mlimani, lenye mchanga safi chini na nyasi kando, ni nani atakuambia huo ni mto? Dalali atakuambia ni kiwanja chenye mchanga wa bure.

Kuwahamisha watu miguuni pa milima hii nisingeshauri, wala hakutawezekana. Udongo wa majivu ndio unaolisha kahawa ya Kilimanjaro, ndizi za Rungwe, mashamba ya ngano ya Hanang yaliyofunguliwa kwa msaada wa Wakanada. Arusha ina watu zaidi ya 600,000, na nyuma yao Meru imekaa kama bakuli lililovunjika upande mmoja, kwa sababu maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki ulimeguka wote na kwenda. Momella imekaa juu ya mabaki yake. Mji hautahama. Unachoweza kufanya ni kuacha wazi njia chache ambazo mlima unazitumia, na njia hizo zinajulikana: Themi, Naura, Burka, na makorongo yasiyo na majina yanayowamwagia maji. Gharama yake ni ramani, vigingi, na afisa ardhi mwenye ubavu wa kusema hapana kwa mtu mwenye pesa.

Baada ya Katesh tulifanya tunachokifanya vizuri. Rais alikatisha safari yake ya Dubai akarudi, michango ikamiminika, unga, mablanketi, magodoro, waathirika wakajengewa nyumba mpya kwingine. Siwezi kubeza hata kimoja. Taifa linalojua kuzika watu wake lina heshima yake. Ila mikutano yote ile niliyoifuatilia ilikuwa ya Hanang, na Hanang ndiyo iliyokwisha kumegeka.

Wiki iliyopita nilikuwa Arusha, nikatembea kando ya mojawapo ya makorongo yanayoshuka kutoka Meru. Lilikuwa kavu. Vijana wawili walikuwa wanachekecha mchanga ndani yake, lori likisubiri. Kidogo chini yao, palepale kwenye sakafu ya korongo, mtu amezungushia ukuta wa tofali na kuandika kwa rangi nyekundu maandishi tunayoyajua nchi nzima: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Chini yake kulikuwa na namba ya simu. Tarakimu tatu za mwisho zilikuwa zimefutwa na tope la msimu uliopita.